Kipago cha Saba

"Sisaini," alisema Fundi, akaisukuma karatasi ya maelezo kwa kidole. Karatasi ikateleza juu ya shuka, ikaangukia chini ya kitanda.

Inspekta aliinama kuiokota kwenye sakafu ya wodi ya mifupa, akaipangusa vumbi gotini. Ilikuwa mara ya tatu katika siku nne. Mara ya kwanza alidhani ni maumivu. Mara ya pili alidhani ni dawa za maumivu. Leo hakuwa na cha kusingizia. Mzee alikuwa macho, akili zake timamu, na alikuwa akimtazama kwa upole wa kumtia mtu wazimu.

"Mzee, sikuombi umchukie mtu. Nakuomba jina tu."

"Nimeshasamehe."

"Umemsamehe nani?"

"Aliyenikosea."

"Ana jina huyo?"

"Kila mtu ana jina, mwanangu."

Nyuma yake Koplo aliachia kikohozi cha kuficha kicheko. Inspekta akamgeuzia jicho, na kikohozi kikapona pale pale.

"Dini imenipa njia mbili," Fundi aliendelea, taratibu, kama anayemweleza mteja tofauti ya mbao na mbao. "Nilipize kwa kipimo kile kile nilichofanyiwa, au nisamehe. Tena ikaniambia hiyo ya pili ndiyo bora, na malipo yake yako kwa Mungu. Sasa wewe unataka niache kilicho bora nichukue kilicho pungufu. Kwa nini?"

"Hayo nimefundishwa tangu nikiwa na kaptula ya shule, mzee. Lakini serikali nayo ina njia yake."

"Basi serikali ipite njia yake. Mimi nimeshafika nilikokuwa nakwenda."

Inspekta alifunga faili kwa kishindo mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akashtuka. Kituoni walimwita Mama Faili, kwa kuwa hakuwahi kuacha faili wazi likalala mezani kwake mwezi mzima. Hili lilikuwa na siku nne tu na lilishamzeesha. Kulikuwa na jambo alilotaka kumwambia mzee huyu, na daktari alikuwa amemkataza. Asishtuliwe, alisema daktari. Asipewe habari za nje. Inspekta akalimeza, akatoka.

Kesi yenyewe ilikuwa nyepesi kuieleza na ngumu kuishika. Ijumaa asubuhi Fundi, seremala mkuu wa mtaa mzima, alipanda ngazi yake kukagua dari ya madrasa mpya. Alipokanyaga kipago cha saba, kijiti kikakatika chini ya unyayo wake, akaanguka chali kwenye saruji. Madaktari walisema hatatembea tena. Kipago kilikuwa kimekatwa kwa msumeno kutokea upande wa chini, robo tatu ya unene wake, kisha pengo likazibwa kwa gundi na unga wa mbao lisionekane. Na ngazi ile haikuwa ya kila mtu. Karakana nzima ilijua kwamba haikanyagwi na mguu mwingine. Fundi alikuwa na ngazi yake kama watu wengine walivyo na mswaki wao. Aliyekata kile kipago alijua anamkatia nani.

Simu ililia kwenye korido. Mkuu wa kituo.

"Vipi, amesaini?"

"Hapana, afande."

"Basi mshtaki yule mpaka rangi aliyeko mahabusu, tumalize. Aligombana na Fundi Alhamisi mbele ya watu, siyo?"

"Waligombana kwa sababu mpaka rangi aliomba ngazi akanyimwa, afande. Mtu haombi kupanda ngazi aliyoikata."

"Labda aliikata baada ya kunyimwa."

"Kwa msumeno gani? Nyumbani kwake tumekuta brashi kumi na mbili na jogoo."

"Inspekta." Sauti ya Mkuu ilikuwa ya mtu ambaye chai yake inapoa. "Saa kumi jioni muda wa kumshikilia unaisha. Ama ashtakiwe, ama atoke. Na akitoka, unawajua wanaomsubiri."

Aliwajua. Mdogo wake Fundi, mwenye bucha, ambaye mtaa wote ulimwita Bucha tu, alikuwa ameapa hadharani kwamba aliyemvunja kaka yake hatalala kitandani mwake. Alikuwa na wenzake sita wa machinjioni, na hakuna hata mmoja aliyekuja na mikono mitupu. Jumapili walivunja mlango wa mpaka rangi, na Koplo akamtoa kupitia dirishani, akampeleka mahabusu kwa usalama wake. Watu wakasema, mmeona, amekamatwa, ndiye. Kwa hiyo sasa mpaka rangi alikuwa na hatia kwa sababu alikuwa amelindwa. Inspekta alipolifikiria hilo alitamani kuupiga ukuta teke.

Saa ya korido ilionyesha saa tano kasoro.

"Nipe kielelezo," alisema.

Koplo alitoa mfuko wa plastiki wenye nusu mbili za kipago. Inspekta alizisogeza karibu na mwanga wa dirisha. Alikuwa ameziangalia mara ishirini na kuambulia patupu. Safari hii, kwa hasira zaidi kuliko kwa akili, alikwangua ndani ya mkato kwa ukucha. Kitu cheupe alichokuwa akikidhania ni gundi kilijikunja, kikamnatia kidoleni. Gundi ya mbao ikikauka huvunjika kama kioo. Hiki kilikuwa laini.

"Una kiberiti?"

Koplo, aliyewaapia wakubwa wake kwamba ameacha sigara, alitoa kiberiti bila kumtazama usoni. Inspekta aliisogeza ncha ya moto kwenye kile alichokikwangua. Kikayeyuka, kikatoa harufu ya chumba kilichokatikiwa umeme.

"Mshumaa," alisema Koplo.

"Mshumaa ndani ya mkato wa msumeno. Unafanya nini humo?"

Hakuna aliyejua. Maabara ingejua, na ingejibu baada ya wiki sita. Wakaenda karakana.

Karakana ilikuwa kimya, randa zimepangwa ukutani kwa ukubwa, mbao ndefu zimesimamishwa pembeni na kukazwa kwa mnyororo mpya unaong'aa. Msimamizi, mtu mwembamba aliyeitwa Randa kwa sababu ya kuparura watu kwa maneno, alikuwa amekaa juu ya benchi bila kazi. Alhamisi alikuwa safarini tangu adhuhuri, na tiketi yake ya basi ilikuwa ndani ya faili.

"Mnakuja kunikamata na mimi?" aliuliza. "Maana naona mnakamata kwa zamu."

"Nikatie hicho kipande," alisema Inspekta, akionyesha kibao kilichokuwa chini.

"Nikate vipi?"

"Unavyokata siku zote."

Randa alishusha msumeno ukutani. Kabla ya kuuweka kwenye mbao, mkono wake wa kushoto uliingia mfukoni wenyewe, ukatoka na kipande cha mshumaa, ukaupitisha kwenye meno ya msumeno mara mbili, huku na huku. Kisha akakata. Msumeno haukutoa sauti ya kuzidi mtu anayejikuna.

"Rudia hilo la mwanzo."

"Lipi?"

"La mshumaa."

Randa alitazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. "Hili? Hili Fundi ndiye aliyetufundisha. Msumeno unateleza, haukwami, haupigi kelele. Nenda karakana nyingine, wataweka mafuta, au hawaweki kitu. Mshumaa ni wa hapa tu."

"Nani wamefundishwa hapa?"

"Wengi walipita, wakakimbia. Waliomaliza ni watatu. Mmoja amefariki zamani. Mimi. Na mdogo wake."

"Mdogo wake yupi?"

"Ana wangapi? Bucha." Randa alicheka kidogo. "Ulidhani alizaliwa ameshika kisu? Alikaa humu miaka minne kabla hajaona nyama ni rahisi kukata kuliko mninga. Hata hivyo alikuwa na mkono mbaya. Akifika mwisho wa mkato, anapinda kushoto. Fundi amemgombeza mpaka..."

Aliishia hapo. Macho yake yalikuwa yameshuka kwenye mfuko wa plastiki mkononi mwa Koplo, ambamo mkato wa kipago ulikwenda umenyooka kama rula, kisha, karibu na mwisho, ukapinda kushoto.

"Mimi sijasema kitu," alisema Randa.

"Umesema vya kutosha. Kwa nini amfanyie hivyo kaka yake?"

Randa aliweka msumeno chini. Alijibu akiutazama mnyororo unaong'aa. Miaka mitatu iliyopita Bucha alikuwa na binti mmoja tu. Binti alizoea kumletea baba yake mkubwa chakula cha mchana. Siku moja Fundi alikuwa ameufungua mnyororo wa mbao kufungia kitu kingine, akasahau kuurudisha. Mbao zikaanguka. Binti alikuwa amesimama chini yake na sahani mkononi.

"Fundi alifunga saumu miezi miwili mfululizo, kafara ya kuua bila kukusudia. Na Bucha alisimama pale makaburini, mbele ya imamu na umma wote, akasema amemsamehe kaka yake, hataki fidia wala lolote. Watu walilia. Mpaka leo humsifia. Na kila Alhamisi anamletea nyama humu humu, hajawahi kukosa."

"Alhamisi iliyopita je?"

"Sikuwepo. Muulizeni aliyekuwepo."

Aliyekuwepo alikuwa mahabusu, amejikunyata pembeni, rangi ya samawati bado imemganda kwenye nyusi. Mpaka rangi aliposikia swali, alifunika uso.

"Nilimwona, ndiyo. Fundi alikwenda msikitini kuswali alasiri, mimi nikarudi kumbembeleza tena kuhusu ngazi. Nikamkuta Bucha amekaa peke yake ndani, ngazi imelazwa magotini. Akaniambia anaifuta vumbi."

"Tangu Jumapili!" Inspekta alishindwa kujizuia. "Tangu Jumapili unaozea humu, na hukusema?"

"Ningesema nini, mama? Kwamba ndugu wa damu, anayelia barabarani kwa ajili ya kaka yake, ndiye? Nani angeniamini? Hata wewe usingeniamini."

Ilikuwa kweli, na hilo lilimkera Inspekta kuliko yote. Akampigia mwendesha mashtaka. Mwendesha mashtaka alisikiliza habari ya mshumaa, ya mkato uliopinda, na ya shahidi ambaye ndiye mtuhumiwa mwenyewe, kisha akauliza kwa adabu kama mwathirika ametoa maelezo. Hajatoa. Basi arudi akishayapata.

Saa nane na nusu alikuwa tena pembeni mwa kitanda cha Fundi. Safari hii hakutoa karatasi. Alitoa kipago.

"Mwisho wake umepinda kushoto," alisema.

Fundi hakukitazama. "Unadhani sijui? Nilikiona kabla sijafika chini. Miaka arobaini nafundisha watu kukata. Mkono wa mtu naujua kama mwandiko wake."

"Na bado ukanyamaza."

"Yule amenyamaza miaka mitatu. Mimi siku nne ni nini?" Sauti ya mzee ilikwaruza. "Siku ile makaburini nilimshika mkono, ukawa baridi. Nikajua amesamehe kwa ulimi tu. Hakuna aliyemlazimisha. Angesema hataki, nisingemlaumu. Lakini watu walikuwa wakimtazama, akaona aibu. Na mimi nikakubali, kwa sababu nilikuwa na njaa ya kusamehewa. Nikaupokea msamaha nikijua haujaiva. Hilo ni kosa langu la pili, mwanangu. La kwanza ni mnyororo."

Inspekta alitazama mlango. Daktari hakuwepo. Akaamua kuvunja amri.

"Mzee, kuna mtu mahabusu badala yake. Mpaka rangi. Saa kumi anatoka, na mdogo wako ana watu sita wanaomngoja."

Fundi alifumba macho. Alipoyafumbua, upole wote ulikuwa umemtoka.

"Mpaka rangi? Yule anayeogopa paka?"

"Huyo huyo."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliambiwa nisikushtue."

"Nimeanguka kutoka darini, wananikinga nisishtuke!" Alijaribu kujiinua, mwili ukakataa. "Msamaha wangu niutoe mimi, damu aitoe mtu mwingine? Huo siyo msamaha, huo ni uvivu. Mwiteni. Sasa hivi."

Bucha alifika saa tisa na robo na watu wake sita. Inspekta aliwazuia kwenye baraza ya hospitali, akamwingiza Bucha peke yake. Alikuwa mtu mpana, macho mekundu kwa kukosa usingizi, na alianza kusema kabla hajafika kitandani.

"Kaka, nakuapia, leo saa kumi—"

"Kaa."

Akakaa.

"Kipago kimepinda kushoto," alisema Fundi. "Nimekugombeza kwa hilo tangu hujaota ndevu."

Mgonjwa wa kitanda cha pili aliacha kutafuna. Inspekta aliona mikono ya Bucha, mikono iliyozoea kugawa ng'ombe mzima kabla ya saa mbili asubuhi, ikitafuta pa kujishika na kukosa.

"Kila Alhamisi," Bucha alisema mwishowe. "Kila Alhamisi naingia pale nauona mnyororo. Mpya. Umekazwa vizuri, kufuli mbili. Mwanangu alikufa ndipo ukajua kuufunga. Nakuletea nyama, unaniambia Mungu akubariki, na mnyororo unaning'inia nyuma ya kichwa chako. Nilitaka uumie. Sijui kama nilitaka ufe. Nilipokuwa nakata sikujiuliza."

"Ungeniambia."

"Niseme nini? Nilishasamehe! Mtaa mzima unanisifia! Mtu anarudishaje msamaha?"

"Angekuja kwangu akasema, kaka, sijaweza. Ningekungoja." Fundi alinyoosha mkono, ukaishia njiani. "Sasa sikiliza. Wewe ulinisamehe mbele ya umma na moyo haukuwemo. Mimi nakusamehe mbele ya hawa askari wawili, na moyo umo. Sikudai kitu, hapa wala mbele ya Mungu. Umesikia?"

"Sitaki," alisema Bucha, akilia. "Nani kakuomba? Nipige. Niite muuaji. Usinisamehe, nitaishi vipi?"

"Hilo utajua mwenyewe. Ila una deni moja, na si kwangu. Nenda barazani ukawaambie wale watu mpaka rangi hana kosa."

"Wataniuliza nimejuaje."

"Ndiyo," alisema Fundi. "Watakuuliza."

Inspekta alitazama saa mara mbili, akajilazimisha asiseme neno. Angetaka kumkokota Bucha kwa kola mpaka nje. Angetaka pia, kwa mara ya kwanza katika kesi ile, kuwa mahali pengine.

Bucha akainuka, akatoka. Kwa kioo cha mlango walimwona akisimama mbele ya wenzake. Maneno hayakusikika. Alisema machache, akajigusa kifua. Mmoja wa wale sita alirudi nyuma hatua moja kama aliyemwagiwa maji. Mwingine alimtemea mate miguuni, akageuka, akaenda zake. Mmoja mmoja wakaondoka, hakuna aliyemuaga kwa mkono wala kwa neno. Bucha aliporudi wodini alikuwa amenyoosha viganja mbele yake.

Inspekta alimfunga pingu mkono wa kulia, huku akimpigia Mkuu simu kwa mkono mwingine. Amepatikana, afande. Ndiyo, amekiri mbele ya watu. Hapana, siyo mpaka rangi, mtoeni, mpelekeni nyumbani kwa gari. Mkuu aliuliza kama mwathirika sasa atasaini. Inspekta akamtazama Fundi.

"Jina amelitoa mwenyewe," alisema mzee. "Mimi nikimtaja, nitakuwa nimeuchukua tena msamaha nilioutoa."

"Msamaha ni wako, mzee. Jela ni ya serikali."

"Na ichukue chake. Sijakuzuia. Lakini usiniletee kalamu."

Inspekta alikuwa ameshinda kesi, na hakukumbuka lini aliwahi kuchoka namna ile. Mwendesha mashtaka angenung'unika. Hakimu angeuliza mlalamikaji yuko wapi. Faili lingefungwa lakini lisingenyooka, na mtu asiyetembea angekaa mahakamani akimtetea aliyemvunja. Alikuwa anautafuta mkono wa kushoto wa Bucha aukaze pingu, pale mlango ulipofunguliwa.

Muuguzi aliingia na shuka safi, haraka zake zote usoni. "Huyu mgonjwa ageuzwe ubavu, zamu yangu inaisha na wasaidizi wote wako upasuaji. Ndugu yake ni nani hapa?"

Koplo alitazama viatu vyake.

"Huyo," alisema Fundi.

Muuguzi alimtazama Bucha, akaiona pingu, akaona mkono wa Inspekta umeishika. Inaelekea alikwishaona mengi katika kazi ile. "Basi mfungueni, nahitaji mikono miwili. Wewe shika mabega. Na wewe dada, miguu."

Inspekta alipapasa ufunguo. Alifungua, akaitia pingu mfukoni, akaenda upande wa miguu, akaishika. Ilikuwa mizito, haina habari na mtu. Bucha alipitisha mikono yake mipana chini ya mabega ya kaka yake. Muuguzi akahesabu. Walipofika tatu wakainua, na Fundi akatoa mguno uliotoka mbali.

"Nimekuumiza, kaka?"

"Umeniumiza," alisema Fundi, jasho likimtoka. "Shika hapo hapo. Usiniachie."